Kitambaa cha Begani

Kitambaa kilikuwa begani tena, upande wa kushoto, juu ya koti la kijivu. Mtanashati alikiona kupitia kioo cha duka kabla mwenye kitambaa hajafika mlangoni, na asubuhi yake yote ikaharibika.

Jina la Mtanashati alibandikwa na wenzake, naye hakulikataa. Miaka yote aliyouza suti katika duka lile, hakuna aliyewahi kuona mkunjo kwenye shati lake. Huyu ni mtu aliyepiga pasi hadi kamba za viatu. Ndiyo maana Mama Bosi aliposema anafungua duka la pili, na kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi atamtaja msimamizi wake, Mtanashati alianza papo hapo kuwaza tai atakayovaa siku hiyo.

Kisha akaja huyu Mgeni. Ndiyo kwanza ameanza kazi, na tayari wateja wakiingia wanauliza, "Yule kaka wa kitambaa yupo?"

Angekuwa mtu wa kujipenda, isingeuma sana. Lakini Mgeni alifika kila siku mbiombio, macho mekundu, ndevu zimenyolewa vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Siku ya kwanza alipoingia na kile kitambaa, cheupe, laini, kimekunjwa mara mbili, Mtanashati alikaa mkao wa kula akingoja Mama Bosi amfokee. Badala yake mteja mmoja mnene, mwenye mkoba wa ngozi, alikitazama kwa uchu.

"Na hicho cha begani, mnauza?"

Mgeni alishtuka, akakigusa kana kwamba ndiyo kwanza anajua kipo. Mama Bosi alicheka hadi akashika kaunta.

"Kiache hapo hapo," akamwambia.

Wala haikuwa kitambaa peke yake. Mgeni akisimama na mteja aliyumba taratibu, kushoto, kulia, kama mwenye muziki wake kichwani. Akimpima mabega aliimba chinichini, kwa puani. Na suti ikimkaa mtu vizuri, Mgeni alimpigapiga mgongoni, polepole, tena na tena. Wanaume wazima, wakubwa wa maofisini, walilegea mikononi mwake wakaondoka na suti mbili na tai juu.

Mtanashati alitamani kumuuliza mambo hayo kayatoa wapi. Hakuuliza. Tangu Mgeni aanze kazi hakuwahi kumuuliza hata habari za nyumbani. Aliona ni kumvimbisha kichwa. Alichojua alikipata kwa kutega sikio, siku aliyomkuta ananong'ona kwenye simu nyuma ya chumba cha kujaribia nguo.

"Amekunywa? ... Ametapika tena? Na mwenzake je? ... Haya, wewe lala, leo nakesha nao mimi."

Mtanashati akafyonza. Kumbe mlevi, na rafiki zake walevi! Lakini wivu ulimzidi. Watu wa starehe, alijiambia, ndio huijua fasheni kabla ya wengine wote.

Jioni hiyo alinunua kipande cha hariri rangi ya maziwa, akakishona pindo kwa mkono wake, akakipiga pasi. Akajifungia chumbani mbele ya kioo, akayumba mpaka kiuno kikamuuma.

Kesho yake, mteja wa kwanza kupigwapigwa mgongoni aligeuka na kumkazia macho.

"Kijana, unanibembeleza?"

"Nakupongeza, mzee wangu. Koti limekukaa hasa."

Mzee akajitazama kwenye kioo, uso ukamlainika. Akanunua. Na wa pili akanunua, na aliyemfuata akarudi na mdogo wake. Mtanashati akaanza kuimba kwa puani bila kujua.

Jumamosi ilipofika, Mama Bosi alisubiri wateja wapungue, akawaita wote wawili kaunta. Mtanashati aliiweka sawa hariri begani. Moyo ulikuwa unamdunda hadi akaogopa tai itacheza.

"Sitazunguka," alisema Mama Bosi. "Duka jipya nilitaka kumpa Mgeni, naye kanishukuru, akakataa. Jioni zake hazina nafasi. Basi ni lako, Mtanashati. Zamani ulikuwa unauza kama unamfanyia mtu hisani. Siku hizi wateja wanatoka kwako wametulia. Ukiendelea hivyo hivyo, sina neno."

Machozi yalimlenga, akajifanya anakohoa. Mgeni akaja kumpa mkono, akamvuta, akampigapiga mgongoni kwa furaha ya kweli. Mtanashati nusura asinzie.

Hapo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mwanamke aliingia hima, amependeza kuanzia kilemba hadi magotini, chini kandambili. Mtoto mchanga alikuwa analia mikononi mwake, mwingine anafurukuta mgongoni.

"Baba Pacha, wameanza tena!"

Mgeni akampokea wa kwanza, akamlaza begani, upande wa kushoto, juu ya kitambaa. Akayumba. Akaimba kwa puani. Akampigapiga mgongoni, polepole, tena na tena, mpaka mtoto akacheua na kunyamaza.

Mwanamke alifungua mbeleko huku akitafuta kwa macho wa kumpokelea wa pili. Macho yakatua kwenye hariri.

"Kumbe na wewe unacho, shemeji! Afadhali. Nishikie huyu, amenyonya sasa hivi."

Mtanashati alifungua kinywa ajieleze, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kuyumba yenyewe.