Sauti Iliyobaki na Nasra

Mama mwenye mtoto mdogo hakuruhusiwa kuvuka mpaka na sauti yake. Aliiacha nyumbani imbembeleze mtoto, naye akasafiri bubu hadi arudi. Saumu aliiacha yake Tanga kwa siku nne.

"Sauti yatosha, mwanangu," mama mkwe alimwonya. "Usimwachie na harufu."

Lakini Saumu alimwonea huruma mwanawe Nasra, akamwachia pia kanga aliyoilalia, bila kuifua.

Mchana wa kwanza Maskati, shoga yake Chausiku alimtania hotelini. "Leo tumepumua! Hakuna wa kutukatiza." Kisha akampigia simu ya video nyumbani.

Nasra alikuwa amejilaza juu ya ile kanga. Saumu akampungia mikono yote miwili. Mtoto akamkazia macho.

"Nani huyo, mama?" akaiuliza kanga.

Sauti ya Saumu ikamjibu, kwa upole ule ule wa kila siku. "Mgeni tu, mwanangu. Mwambie kwaheri."

Chausiku akaacha kucheka. "Saumu, na kanga uliiacha?"

Saumu akaitikia kwa kichwa. Huko Tanga sauti yake ilianza kuimba wimbo asioujua, na Nasra akaufuatisha neno kwa neno.