Bado Mmoja

Pigo la tatu lilimpasua nyusi. Damu ilimwingia seremala jichoni, lakini hakuinua mkono. Alikuwa amepiga magoti katikati ya kibanda cha kinyozi, juu ya nywele za wateja, mikono nyuma.

"Imetosha, ndugu yangu," kinyozi alisema huku akihema. Akaishusha fimbo.

"Siku ile nilikupiga ngumi ngapi?"

"Nani anakumbuka?"

"Mimi nakumbuka. Tano. Bado mbili."

Kinyozi akaiweka fimbo juu ya kiti. Seremala akamkamata kifundo cha mkono, akakibana mpaka vidole vikabadilika rangi. "Piga! Nimesema piga!"

Kinyozi akapiga mara mbili, haraka haraka, kama mtu anayeua nyoka. Seremala akajifuta damu kwa mkono wa shati, akamshukuru, akachukua fimbo yake na kutoka. Mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja alishatoroka zamani na kitambaa shingoni.

Watu walimwita seremala huyo Patasi, kwa sababu kila alipogusa paliondoka kipande. Kwa miaka ishirini mkono wake ulitangulia, akili ikafuata nyuma inachechemea. Alimng'oa jino fundi mwenzake kwa ajili ya kopo la gundi. Alimvunja mshona viatu ubavu kwa sababu alicheka. Na asubuhi moja alimpiga mkewe kofi lililomuua sikio la kushoto, kisa chai imepoa. Mke alikwenda kwa kaka yake, hakurudi.

Hapo ndipo Patasi alipojua kulia. Alilia msikitini, mbele ya ustadhi, kamasi na machozi pamoja.

"Nafsi yako imekupanda mgongoni," ustadhi alimwambia. "Ishushe. Anza na moyo wako. Kisha waendee uliowadhulumu, uwaombe radhi. Mwenye kutaka haki yake, mpe. Mwenye kusamehe, mshukuru Mungu, uondoke."

Wazo la fimbo lilikuwa la Patasi mwenyewe. Aliichonga kwa mti mgumu, akaipiga randa, akaipiga msasa ili isimchome mtu kibanzi, akaanza kuzunguka. Aliowahesabu walikuwa kumi na tisa. Mke alipopata habari alijibu kwa kinywa cha kaka yake: awamalize wote, kisha aje kwangu, nikimwona amebadilika, nitarudi.

"Mwenye kovu usidhani kapoa," shemeji aliongeza, na hilo lilikuwa la kwake.

Basi akapigwa. Fundi mwenzake alimpa la mdomo, na kwa jino moja akalipwa mawili. Mshona viatu alimpiga ubavuni mpaka kitu kikalia ndani, Patasi akasema alhamdulillahi. Kila pigo lilimwacha mwepesi. Waliozoea kuvuka barabara kumkwepa sasa walisimama kumpa mkono, na aliyemuuliza hali alijibiwa kwa hesabu: bado sita, bado wanne.

Mmoja tu alimsumbua, mzee mlinzi wa ghala la mbao. "Nilishakusamehe, mwanangu," mzee alisema. "Nenda zako."

Patasi hakwenda. Alisimama mlangoni pa mzee tangu adhuhuri mpaka alasiri, fimbo mkononi, akizidi kuvimba, hadi mzee wa watu akampiga moja la bega apate kufunga mlango wake.

Kwa hiyo siku hiyo alipotoka kwa kinyozi, damu ikimchuruzika, alitembea kama bwana harusi. "Bado mmoja," alimwambia kila aliyekutana naye njiani. "Bado mmoja!"

Alimkuta mkewe sebuleni kwa kaka yake, ameshavaa nguo za kutokea. Furushi lilikuwa mlangoni, na kando yake viatu vyake vimeelekezwa nje. Patasi alipoliona furushi lile, alicheka kwa furaha. Alipiga magoti, akamnyooshea fimbo kwa mikono miwili.

Mke alimgeuzia sikio la kulia apate kumsikia. Akaitazama ile nyusi, akautazama ule mdomo uliobaki mapengo, na machozi yakamtoka.

"Nimekusamehe, mume wangu. Inuka twende nyumbani."

"Piga kwanza."

"Sipigi."

"Wote wamepiga."

"Mimi sina haja ya kukupiga. Nina haja ya kwenda kwangu."

Patasi alimtia fimbo kiganjani, akamkunja vidole aishike. Mke akaiachia, ikaanguka sakafuni. Patasi akaiokota, akamtia tena. Ikaanguka tena.

"Miezi mitatu napigwa kama ngoma," Patasi alisema. Sasa alikuwa amesimama. "Nimebakiza wewe tu. Wewe ndiye unanikatalia?"

"Nakukatalia," mke alisema huku akitabasamu, akaenda kuvaa viatu.

Kofi lilisikika mpaka uani. Shemeji alipofika mbio, dada yake alikuwa ameketi sakafuni karibu na fimbo, kiganja shavuni. Hakulia. Aliinuka polepole, akaviokota viatu, akaviweka juu ya furushi, akalibeba kulirudisha chumbani. Mlangoni aligeuka.

"Bado mmoja," alisema, akatia komeo.