Kofia ya Samawati Ndani ya Mzingile

"Kushoto, Bi Lumley!"

Bi Lumley akageuka kushoto, kulekule ambako njia ilikuwa imezibwa.

Juu ya mnara wa mbao, Bwana Peasgood aliona haya. Kazi yake katika bustani ya jumba lile la kale ilikuwa kuwaelekeza wageni waliopotea katika mzingile, kati ya kuta ndefu za miti. Wengine aliwatoa upesi. Huyu mjane, aliyekuja peke yake kila Alhamisi, Bwana Peasgood alimzungusha makusudi mpaka saa ya chai. Tangu azike mke wake, hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye.

"Peasgood, mlinzi gani wewe?" Bi Lumley alifoka. "Hata kondoo angekuwa ameshatoka!"

"Kondoo anasikia anachoambiwa, Bi Lumley!"

Kofia ya samawati ya Bi Lumley ikatikisika kwa kicheko. Bwana Peasgood hakucheka sana. Kesho bustani ingefungwa mpaka majira ya baridi yapite.

Ndipo ukungu ukashuka kutoka malishoni. Ukafuta kuta, ukafuta na kofia.

"Bi Lumley?"

Akaita tena, kwa nguvu zaidi.

Alikuwa amempeleka mama wa watu kwenye kona ya ndani kabisa, katika baridi ile. Bwana Peasgood alishuka ngazi akiomba: Ee Mungu, uongo ni wangu, usimwadhibu yeye. Akaingia.

Miaka yote hiyo njia aliijua kwa kuitazama kutoka juu. Huku chini, kila ukuta ulifanana na mwenzake. Aligeuka, akageuka tena, akajigonga kwenye majani. Aliita, na ukungu ukaimeza sauti yake. Hakujua tena hata lango liko wapi.

"Tulia hapohapo, Bwana Peasgood."

Mkono wenye glavu ya sufu ukamshika kiwiko.

"Twende. Angalia mzizi huo, usikuangushe. Mimi uliniangusha nikiwa na miaka sita."

Kulia, kushoto, kulia tena. Bi Lumley hakusita popote, wala hakupapasa ukuta. Mara wakatokea langoni.

Alimpangusa majani mabegani, akaivuta kofia yake masikioni.

"Haya, ukungu unaondoka. Panda mnarani kwako," alisema. "Mimi narudi ndani kupotea."