Bibie wa Mitungi Midogo

"Mabomba membamba ya ndege?" Abdulkadiri, muuza vifaa vya kuchomelea pale Kariakoo, alicheka. "Ndege ya Yasser hiyo? Mbona bibie wake keshachukua seti ya gesi ya kuchomelea."

Fakhriya akashika kaunta. Bibie wake Yasser ni yeye, na duka hilo hakuwahi kulikanyaga.

Alikuja kumnunulia mumewe kifaa cha kuchomelea mabomba hayo kwa siri, kama kumwomba radhi. Miezi mizima alikuwa akimpigia kelele, kwa kufuata maneno ya mama yake: "Ndege ya kujiundia uani itakufanya mjane, mwanangu. Mkatalie!" Mwishowe Yasser akaapa kwamba ameiacha. Tangu hapo amenyong'onyea, hali wala hacheki, na Fakhriya akashindwa kuvumilia.

"Alichukua ipi?" aliuliza.

"Ya kubebeka. Bwana alitaka mitungi mikubwa, bibie akamwambia, 'Utaizungukaje ndege nzima nayo?' Nozeli zote, vile vidomo vya kutolea moto, akazikataa mpaka nikampa ndogo kabisa, asije akatoboa bomba. Moto akaujaribu mwenyewe hapo nje. Ana mkono yule!"

"Sura yake?"

"Kavaa nikabu, dada. Niliona macho tu. Ila wanaelewana, wanacheka wee!"

Wanacheka. Nyumbani Yasser hata salamu siku hizi anaitoa kwa shida.

Fakhriya akampigia mama yake apate wa kumlilia. Simu haikupokelewa, saa hizo mama huwa darsani.

Miguu ikampeleka mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ambayo Yasser alidai ameshamrudishia mwenyewe. Mlangoni hapakuwa na kufuli. Ndani moto wa gesi ulikuwa unavuma.

Akausukuma mlango. Kiunzi cha ndege kilikuwa kimesimama, kizima, kuanzia pua hadi mkia. Yasser alikuwa ameshikilia bomba kwa mikono miwili. Mbele yake mwanamke aliyempa Fakhriya mgongo, nikabu kaitundika ukutani, alikuwa anachomelea taratibu.

"Yasser!"

Yasser akaganda. Mwanamke hakushtuka. Alimalizia kiungo, akazima moto, akageuka na kuvua miwani yake myeusi.

"Funga mlango, Fakhriya," mama yake akasema. "Chuma bado cha moto, upepo utakipasua. Kama ni lazima aruke, viungo nitavichomelea mimi, usije ukawa mjane."