Shahidi wa Ngawa

Zama hizo wanyama waliambiwa kwamba asiye na kitambulisho hatakunywa maji ya kisima. Ngawa, mwizi wa mayai, akaenda kujiandikisha kwa Korongo, karani mgeni aliyefuata utaratibu mpaka akachosha.

"Lete jirani aseme unakaa wapi," Korongo akamwambia.

Ngawa akamwendea Kanga.

"Ulipokuja kuiba mayai hukubisha hodi," Kanga akasema huku akifagia uwanja. "Mimi sikujui."

Basi Ngawa akamkumbuka mzee Nungunungu, aliyekufa wakati wa mavuno na kuzikwa humo humo shimoni mwake. Korongo hakuwa na habari. Ngawa akampeleka pale, akamdanganya kuwa mzee ni mgonjwa, hatoki nje. Alikusudia kujibu mwenyewe kwa sauti ya kizee.

"Mzee, unamfahamu Ngawa?" Korongo akauliza.

Kabla Ngawa hajafumbua mdomo, sauti ikatoka shimoni.

"Namfahamu. Anakaa humu kwetu."

Manyoya yakamsimama Ngawa. Korongo akaandika kama alivyosikia, akamkabidhi kitambulisho, akaenda zake.

Ngawa akakimbilia kisimani, akakionyesha. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Akainama anywe, na maji hayakuonyesha sura yake. Akarudi kwa Kanga, akamsalimu. Kanga akaendelea kufagia, ufagio ukapita miguuni pake kama hapana mtu.

Miguu ikampeleka yenyewe hadi shimoni.

"Karibu, jirani," sauti ikasema kwa upole. "Tumekusogezea nafasi."