Sauti ya Kwenye Gari

Praxeda alikuwa amefika nyumbani dakika ishirini zilizopita, lakini hakushuka garini.

Silvère alimtazama kutoka dirishani. Injini imezimwa, vioo vimepandishwa, na mkewe anacheka peke yake. Peke yake? Thubutu! Alikuwa na yule mwanamume.

Yule msomaji wa riwaya wa kwenye simu. Asubuhi Praxeda akitoka Niboye kwenda kazini Kimihurura, anamsikiliza. Jioni akirudi, anamsikiliza. Zamani foleni ya magari pale Sonatube ilimfanya alaani hadi usukani. Siku hizi anaiombea irefuke!

Hadithi zenyewe Silvère hakuwa na neno nazo. Sauti ndiyo iliyomchoma roho: nzito, tulivu, sauti ya mtu anayejua kwamba anasikilizwa. Na cha kuudhi zaidi, Kiswahili cha jamaa kilikuwa kilekile cha Kigali, cha kuchanganya "r" na "l". Jumapili, wakienda Ndera kumsalimia shangazi, jamaa alisoma: "Usiku ule Mukunde hakurara."

"Hakulala, mpenzi!" Praxeda, mzaliwa wa Morogoro, alicheka mpaka akafuta machozi. "Hakulala!"

Mpenzi! Na Silvère amekaa palepale, kiti cha abiria, kama mzigo. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akirekebishwa hivyo, mezani, jikoni, hadi kitandani. Sasa ilikuwa imepita miezi minne, mkewe hajamrekebisha neno hata moja.

Hatimaye Praxeda aliingia, macho bado yanang'aa. Akaweka simu mezani.

"Umeshindaje, Baba Ihirwe?"

Silvère hakujibu. Alikaza skafu yake shingoni, ingawa kulikuwa na joto, akageuzia uso ukutani.

"Haya, nuna," mkewe alisema kwa upole. "Nakupikia uji."

Uji! Mwingine anaitwa mpenzi, yeye anapikiwa uji. Wivu ulimpanda. Aliogopa jambo moja tu: kwamba moyo wa mkewe ulikuwa umebaki kule garini, na hautarudi tena ndani ya nyumba.

Akaichukua simu. Riwaya tisa, zote za sauti ileile. Alikuwa amekwisha kufuta nane Praxeda alipotokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Unafanya nini?"

Silvère aliigonga meza kwa kidole, mara mbili, kwa nguvu, akamwonyesha simu.

Uso wa Praxeda ulisawijika. "Usimfute," alisema. "Tafadhali. Namkumbuka sana yule mtu."

Ndiyo hivyo, basi. Amekiri mwenyewe! Silvère alikibonyeza kioo kwa hasira, lakini kidole kiliteleza kikagusa pasipotakiwa. Badala ya kufutika, riwaya ya tisa ikaanza kusema, ikiwa imebakiza maneno ya mwisho:

"Na hapo ndipo hadithi yetu inapoishia. Nimewasomea mimi, Silvère Mutsinzi. Mrare salama."

"Mlale, mpenzi," Praxeda alisema, na safari hii alikuwa akimtazama yeye, huku akiivuta skafu taratibu ifunike tundu ambalo madaktari walimwachia kooni mahali pa sauti.