Mizani ya Mkunga

Bi Mwanakombo alipoanza kufifia macho, aliinadi mtandaoni mizani yake ya kutundika, aliyopimia watoto wachanga wa nusu ya mji, apate pesa za matibabu. Siku saba zikapita, akajitokeza mnunuzi mmoja tu, tena kwa bei ya kuku.

"Ndiyo thamani yake, shangazi," alisema Tatu, binti wa kaka yake, simu mkononi. "Soko limesema."

"Soko halijui uchungu, mwanangu."

Asubuhi mnunuzi akaja, mtu wa vyuma chakavu. Akaitundika mizani kwenye boriti ya kibaraza, akaning'iniza gunia la misumari yenye kutu kuijaribu.

"Inapima sawasawa, mama."

Bila kujijua, Bi Mwanakombo alikuwa ameinama, amekinga mikono miwili chini ya gunia.